Kosa Alilolibeba Mama Yako

Nsimire mwanangu,

Najua utacheka. Kutoka hapa Dzaleka mpaka Lilongwe ni mwendo wa saa moja na kidogo, mtu anapanda minibasi asubuhi na mchana amesharudi na sabuni yake, na mimi papa yako nakuandikia barua ndefu kama vile unavuka bahari. Cheka tu. Ningekuwa na roho ngumu ningekuambia kwa mdomo. Wiki hii nimejaribu mara tatu: kwanza siku ile tulipokuwa tunatengeneza zipu ya begi lako, halafu kwenye foleni ya maji, halafu jana nilipokuita nje nikakuuliza kama una soksi. Ukanitazama ukasema, "Soksi, papa? We iko sawa kweli?" Sikuwa sawa. Na habari ya soksi sikuwa na haja nayo hata kidogo.

Mambo ya kula, kulala na kufunga mlango mama yako ameshakuambia yote, tena mara mbili mbili, mi sina la kuongeza. Karatasi ya ruhusa ya mkimbizi kukaa nje ya kambi uko nayo. Chuo cha ukunga kimekupokea, kitanda cha hosteli kina jina lako. Nimefurahi, Nsimire, sijui hata niseme aje. Tangu habari ile ifike naimba kwenye cherehani mpaka wateja wananiuliza ni nani anaoa. Leo asubuhi nimeshona mkono wa shati ndani nje, mwenye shati akaniambia, "Fundi, nakusamehe, najua ni sababu ya binti." Kwa hiyo usifikirie ni barua ya huzuni. Ni barua ya mtu mwenye furaha ambaye ana jambo moja limemkwama kooni.

Jambo lenyewe lilianza kunichoma Jumapili iliyopita. Unakumbuka tulivyokaa mezani na fomu ya mwisho ya chuo. Ulipofika kwenye mstari wa tarehe ya kuzaliwa, mama yako akashika biki akasema akusaidie, naye aingie kidogo katika ile furaha. Ukamtoa biki mkononi, polepole, huku unacheka. "Acha tu, maman. Usije ukatuharibia tena." Bisimwa akacheka, maana mdogo wako huyo hapitwi na mzaha. Mi pia nikacheka. Mama yako naye akacheka kidogo, akafuta mikono kwenye kitenge, akarudi jikoni kugeuza mboga ya sombe.

Mzaha huo uko nyumbani kwetu miaka kumi na mbili. Ikitajwa tarehe yoyote, ya kliniki, ya shule, ya harusi ya jirani, lazima mmoja wenu aseme, "Musimuulize maman, atatukosesha Canada mara ya pili." Umekuwa kitu cha kila siku, kama kiti kibovu ambacho kila mtu amejua namna ya kukikalia. Lakini Jumapili niliona kwamba sasa unaondoka nao. Utawasimulia wenzako wa hosteli. Siku moja utamsimulia mume, utawasimulia watoto: bibi yenu alikosea tarehe mbele ya watu wa ofisi, njo sababu tulibaki kambini.

Si kweli. Ni mimi niliyetukosesha safari ile. Mama yako hakufanya kitu.

Nimeshaandika. Sasa nikueleze vizuri tangu mwanzo, na unisome mpaka mwisho hata kama unakasirika.

Unaijua Nyakashozi kwa moyo. Ulipokuwa na miaka sita nilikuwa nakusimamisha juu ya kiti mbele ya wageni, unakunja mikono nyuma, unasema: "Nyakashozi ni mji mdogo wenye vilima vitatu, kilima cha kanisa, kilima cha soko na kilima cha kinkina. Kwa upande wa kaskazini unapita mto Luhago." Wageni wanapiga makofi, unapewa biskuti. Hukuwahi kuuona mji huo, ulizaliwa tukiwa njiani kuja huku, lakini vilima vyake ulivitaja vyote. Hilo lilikuwa somo langu. Pale kwetu mi nilikuwa mwalimu wa historia na jiografia kwenye shule ya sekondari, siku moja kwa mguu kutoka Bukavu kama mvua haikunyesha. Barabara ilikuwa moja tu. Watu wengi walikuwa Bashi wenye kulima maharage na muhogo, na kila Alhamisi Barega walikuja kutoka msituni na mawese. Wazungu walipanda kinkina, ule mti wa kutengeneza dawa ya malaria, halafu wakaondoka na miti ikabaki haina mwenyewe. Mi nilifundisha hayo yote kwa mpangilio: vilima, maji, hali ya hewa, watu, historia. Nilikuwa nafundisha vizuri. Hilo nalisema bila haya, kwa sababu njo lililonimaliza.

Tulipofika hapa nikawa fundi nguo. Ni kazi nzuri, imewalisha, siidharau. Lakini watu walianza kuniita fundi, na ndani yangu kulikuwa na mtu aliyekuwa anangojea aitwe Prof. Hilo sikulijua mpaka siku Papa Ramazani aliponiita hivyo.

Ramazani unamkumbuka, yule jirani wa Kindu aliyeuza samaki wadogo karibu na msikiti, anayetupigia simu sasa kila sikukuu kutoka kwenye baridi. Wakati ule dosie yake ya kupelekwa ng'ambo ilikuwa imeitwa, na yetu ya Canada pia. Unajua mwenyewe vile watu wanafanyaka hapa Dzaleka mtu akiitwa kwenye intaviu. Waliokwisha kuulizwa wanakaa na wasioulizwa bado, wanawapa maswali: watakuuliza ukisimama mlangoni mwa kanisa unaona kilima gani, soko ni siku gani, daraja ni la mbao ama la chuma. Ramazani alikuwa na hofu. Alisikia kwamba upande wao sasa wanauhesabu umetulia, watu wa huko hawapelekwi tena. Akaja kwenye kibaraza changu, akakaa, akasema, "Prof, nifundishe kwenu. Mi nitasema natoka kwenu."

Neno Prof lilitosha. Singekataa hata angeniomba nimfundishe kusema uongo mbele ya askofu. Na kweli ni uongo niliokuwa namfundisha, nisiuzungukezunguke hapa.

Tulianza Jumapili iliyofuata baada ya ibada. Nilitandika kitambaa cha kaki kwenye meza ya kukatia, nikachora Nyakashozi kwa chaki ya fundi: hapa kanisa, hapa mto, hapa kinkina. Ramazani akarudia nyuma yangu. Jumapili ya pili akaja na shemeji yake. Ya tatu wakaja mama wawili siwajui. Baadaye wakawa saba, wengine hata wanakuja na kaye za kuandikia. Usifikirie niliwauzia. Ningewauzia labda ningeona aibu mapema. Niliwapa bure, na nilirudi nyumbani nimejaa kifua. Nilikuwa nawauliza maswali ya ghafla, nawasahihisha, aliyekosea mpangilio nilimrudisha kwenye vilima aanze upya. "Si mto kwanza, mama. Kwanza vilima." Nilitaka wote waseme kwa maneno yangu, kwa sababu niliona maneno yangu ni mazuri.

Mama yako alipita siku moja na beseni la maji kichwani. Akasimama, akaangalia ile ramani ya chaki, akaangalia wale watu. Akaniambia kwa Mashi, lugha yetu, ili wasielewe, "Papa Nsimire, nyumba yetu unawapa watu hawa chumba kwa chumba. Sisi tutalala wapi?" Nikamwambia hajui mambo ya ualimu. Hivyo njo nilivyomjibu mke wangu, mbele ya watu, akiwa na maji kichwani.

Siku yetu ikafika. Unakumbuka safari ile kuliko sisi wote, ulikuwa na miaka tisa. Nilikushonea gauni la njano. Tulipita Kanengo ikiwa ni msimu wa tumbaku, ukaziba pua ukasema Lilongwe inanuka chai iliyoungua. Kule City Centre tukakaa kwenye benchi ya ofisi, wewe na Bisimwa mkahesabu magari. Mama yako akaitwa wa kwanza. Akakaa sana ndani. Alipotoka nikaitwa mimi.

Ndani kulikuwa na mama mmoja mzungu mwenye sweta ya kijivu, mpole, na kijana wa Uvira aliyekuwa anatafsiri. Waliniuliza mambo ya njia na ya watoto, nikajibu. Halafu akasema, nieleze juu ya mji wenu. Moyo wangu ukaruka kwa furaha, Nsimire. Nilisimama. Hakuna aliyeniambia nisimame, nilisimama mwenyewe, nikakunja mikono nyuma kama vile nilivyokufundisha wewe. Nikaanza: "Nyakashozi ni mji mdogo wenye vilima vitatu, kilima cha kanisa, kilima cha soko na kilima cha kinkina." Na yule kijana wa kutafsiri, kabla mi sijafika kwenye mto, alikuwa ameshautafsiri mto.

Sikuelewa mara moja. Nikaendelea, nikasema hali ya hewa, naye akanitangulia tena, bila kunitazama, kama mtu anayesoma. Yule mama akaweka kalamu chini. Wale wanafunzi wangu walikuwa wameshapita pale wiki hiyo, wameshasema maneno yangu, kwa mpangilio wangu, bila kukosea hata neno. Niliwafundisha vizuri mno.

Yule mama hakunifokea. Alisema kwa sauti ya chini: acha hayo yote, papa, niambie kitu kimoja cha Nyakashozi ambacho hakiko kwenye kitabu. Jirani yako wa mkono wa kushoto alikuwa nani? Asubuhi alikuwa anafanya nini?

Nikatafuta. Kichwa chote kilikuwa na somo tu. Niliishi kando ya mtu huyo miaka kumi na mmoja, alinishikia ngazi nilipoezeka nyumba, na jina lake halikuja. Niliona uso, sikuona jina. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni "kwa upande wa kaskazini unapita mto Luhago." Yule mama akanishukuru. Nilipotoka nje nikawaambia ninyi mambo yamekwenda sawa kabisa, nikawanunulia soda.

Njiani kurudi mama yako ndiye aliyetuchekesha. Alitusimulia kwamba walimuuliza tarehe ya kuzaliwa ya Bisimwa akasema mwaka wa mbele, wakamuuliza tena, akahesabu kwa vidole akajirekebisha, wakacheka wote mle ndani. "Kidogo nimuzae mara mbili," alisema. Mkamcheka mpaka Lumbadzi. Hiyo njo tarehe yenyewe. Hakuna nyingine.

Barua ya ofisi ilikuja wakati wa kiangazi, na ilikuwa kwa Kiingereza. Wakati ule nyumbani ni mimi tu niliyesoma Kiingereza. Nilisoma nimesimama mlangoni: maelezo ya baba wa familia kuhusu anapotoka hayakuaminika. Ya baba. Iliandikwa waziwazi. Nikainua macho nikakuona wewe. Ulikuwa umeshagawa vitu vyako, kamba yako ya kuruka ulimpa mtoto wa jirani, penseli za rangi ulimpa rafiki yako wa darasani, kwa sababu Canada utapata vingine. Ukaniuliza, "Papa, banasema nini?"

Nikasema, "Banasema tarehe ya Bisimwa ilikosewa."

Ilitoka haraka, hata sikuipanga. Mama yako alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mboga. Kiingereza hajui, lakini uso wangu anausoma tangu zamani. Alinitazama, nikaangalia karatasi. Akasema, "Njo hivyo. Ni mi nilikosea." Akaendelea kuchambua mboga.

Ulilia siku mbili. Halafu ukakataa asikusuke nywele. Mwezi mzima ulikuwa unaenda kusukwa kwa mke wa Ramazani, mama yako anakuona unapita na kitana mkononi, anakuambia tu, "Mwambie asikaze sana mbele." Mi nilikuwa kwenye cherehani, nikakanyaga pedali. Ningeweza kukuita. Ni hatua kumi tu kutoka kwenye cherehani mpaka pale njiani.

Sasa nikuambie namna nilivyojua ni nini nilikiharibu. Karibu mwaka ulipita. Nilikwenda Mchesi, kule Lilongwe, kununua zipu na nyuzi, na kwenye duka la vitambaa mtu akanigusa bega akasema, "Prof wa vilima vitatu." Ni yule kijana wa kutafsiri. Alikuwa ameshaacha kazi ile, anauza simu. Nilitaka kukimbia. Akanishika mkono akasema, "Papa, mi niliumia kwa ajili yenu. Mama yule nusura awapeleke." Nikamuuliza mama gani. "Bibi yako, mama wa watoto. Yule mzungu aliacha kuandika, akasikiliza tu."

Nitakuandikia alichoniambia, kwa sababu ni Nyakashozi ambayo mi sikukufundisha.

Mama yako walipomuuliza juu ya mji hakutaja kilima. Alisema jirani wa mkono wa kushoto ni Mzee Cibalonza, mwenye kikohozi, na mtaa mzima uliwasha moto aliposikika anakohoa kabla ya jua, hata siku aliposafiri watu walichelewa kuamka. Alisema mbao ya tatu ya daraja la Luhago ilikuwa imelegea, na yeye akiwa ndani alijua kwa mlio wake ni nani anavuka, mwenye mzigo ama mwenye mikono mitupu. Alisema mama za Barega walifika Jumatano jioni na madumu ya mawese, miguu imevimba, walilala kwenye baraza la nyanya yako, na kesho yake baraza lilinuka moshi na mawese mpaka Jumamosi. Alisema kuna chemchemi chini ya kinkina maji yake machungu, mtoto akishikwa na homa anapelekwa akanywe, akitapika wanasema amepona. Mwezi wa sita ukungu ulilifunika kanisa, alisema, kengele mnaisikia na kanisa hamulioni, na wasichana walipenda ukungu huo kwa sababu wanaweza kuchelewa misa bila padri kuwaona. Wakamuuliza bwana yake alimjulia wapi. Akasema, "Kulikuwa na mwalimu mmoja wa kupiga kelele sana. Nilikuwa nauza ndizi chini ya dirisha la darasa. Nilijua mito yote ya Kongo kabla sijamujua uso."

Cibalonza. Jina la jirani yangu nikalipata Mchesi, nimeshika zipu, kwa mdomo wa mtu wa Uvira ambaye hajafika Nyakashozi hata siku moja. Nililia, Nsimire, mle dukani. Mwenye duka, Mmalawi mtu mzima, akanipa kiti na maji, akasema pole sana bambo, akadhani nimefiwa.

Nilirudi nikamwambia mama yako yote. Tulikuwa tunapukuchua mahindi nyuma ya nyumba, ninyi mko shule. Nikamwambia kuhusu karatasi, kuhusu wanafunzi, kuhusu jirani. Hakuacha kupukuchua. Akasema, "Nilijua siku ile ile."

"Kwa nini hukusema?"

"Batoto balikuwa bamekosa safari. Nikasema basi, bakose na baba yao siku hiyo hiyo? Banakuonaka mukubwa, Papa Nsimire. Mi banichukie kidogo, nitavumilia. Mama anachukiwa na anapika, batoto banakula."

Nikasema nitawaambia leo. Akasema hapana, bado wadogo, wataumia bure. Halafu akanyoosha bunzi la mahindi kunielekea na kusema, "Lakini siku Nsimire anatoka mu nyumba hii, utamwambia. Sitaki aende na hii. Umenisikia?" Nikasema nimesikia. Hajarudia tena neno hilo mpaka leo. Miaka kumi na mmoja hajalirudia. Wiki hii anapita, ananitazama, anapita tena, hasemi. Na Jumapili alipotolewa biki mkononi, akacheka, aliponigeukia hakuwa na hasira. Alikuwa anangojea tu. Hapo njo nilijiona mtu mdogo kabisa.

Utaniuliza kama najuta kubaki hapa. Nikujibu kweli: hapana, na jibu hilo linanipa haya. Nimekuwa na maisha mazuri Dzaleka. Kabla yetu hapa palikuwa gereza la watu wa siasa, wazee wa vijiji vya karibu bado wanashusha sauti wakilitaja, na sisi tumezaa watoto hapa, tumefungua vibanda vya chipsi. Mwezi wa saba upepo wa mlima huu unaingia kwenye mifupa, halafu mvua ya kwanza inanyesha na udongo mwekundu unashika viatu vya mkristo na vya mwislamu sawasawa. Mama wa Kimalawi wanakuja na nyanya, na mama yako amejifunza Chichewa chake chote kwenye kubishana nao. Wewe ulisema zikomo kabla hujajua kusema merci. Mrundi anayetutengenezea radio hatuelewi nusu ya maneno yake na radio inaimba. Unaona, hapa naweza kusema bila mpangilio. Na wewe, uliyechukiwa na hesabu mpaka darasa la tano, umekuwa msichana anayeitwa na majirani mwanamke akishikwa na uchungu, apande nyuma ya baiskeli ya kabaza na kumshikilia mama huyo asianguke kwenye mabonde mpaka zahanati. Nimeyaona yote hayo na nimefurahi. Lakini furaha hiyo nimeila kwa mgongo wa mama yako, na wewe hukujua.

Ramazani nilimwambia kwa simu. Yeye, unajua, siku yake alipoulizwa vilima akavisahau vyote vitatu, akasema, "Mama, nisamehe, mi si wa huko, mi ni wa Kindu," akaeleza ya kwao kama yalivyo, na akapita. Alicheka sana kunikumbusha vile alivyokuwa mwanafunzi mbaya. Nilipofika kwenye habari ya mama yako akaacha kucheka. Akasema, "Prof, na mutoto anajua?" Nikasema bado. Akasema mtandao ni mbaya, hasikii vizuri. Alikuwa anasikia vizuri sana.

Kule chuoni watakuuliza unatoka wapi. Jibu unavyotaka, Dzaleka, Kongo, vyote viwili, mi sitakupa somo tena juu ya hilo. Ila siku ukitamani Nyakashozi, achana na ile ya kwenye kiti. Mwombe mama yako. Anayo ya kutosha, na hakuna mtu hata mmoja nyumbani humu aliyewahi kumuuliza, kuanzia mimi.

Jua bado liko juu ya mabati ya jirani. Barua hii nitakupa mkononi sasa hivi, si kesho kituoni, maana ukiisoma ndani ya minibasi itakuwa kazi bure. Ndani ya bahasha nimeweka ile karatasi ya ofisi. Kiingereza chako sasa kimepita changu, isome mwenyewe. Bisimwa naondoka naye, tunaenda mazoezi ya kwaya, naye nitamweleza njiani kwa mdomo, nimeapa. Nyumba itabaki na ninyi wawili.

Ukinikasirikia utakuwa na haki. Nikasirikie wiki nzima, mwezi, nitakuja Lilongwe Jumamosi kwa Jumamosi unikasirikie nikiwa mbele yako. Lakini usinitafute kwanza mimi. Mchana nilimwambia mama yako kwamba nimeandika. Alikaa chini, palepale alipokuwa amesimama, akajifunika uso kwa kitenge, na nikasikia anahema kama mtu aliyetuliwa mzigo. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya kitoto ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Atakuja kunisemesha?"

Nikamwambia ndiyo. Yuko jikoni, Nsimire. Nenda.

Papa yako